Simu ya Akron: Maisha ya Bill Wilson, Mlevi Aliyemtafuta Mlevi Mwenzake

Kabla hujasoma, fungua Biblia yako kwenye Yakobo 5:16, Mhubiri 4:9-10 na 2 Wakorintho 1:3-4. Weka alama hapo, tutarudi.

Mwezi uliopita mchungaji aliniomba niandike ushuhuda wangu kwa jarida letu. Nilikubali haraka, halafu nikakaa na daftari wiki tatu bila kuandika hata mstari mmoja. Shida ni kwamba ushuhuda wangu mnaujua tayari. Mwaka 2018 nilisimama hapo mbele, karibu na kinanda, nikasema Yesu amenitoa kwenye chang'aa. Mlipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na mama yangu mzazi akaja akilia akanishika mkono. Yote niliyosema siku ile yalikuwa kweli.

Kile hamjui ni kwamba mwaka 2020 nilirudi kunywa. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya corona. Mama akafariki, tukamzika haraka haraka kama ilivyokuwa amri wakati ule, na usiku wa tatu baada ya mazishi mtu alininyoshea kikombe nikakipokea. Milango ya kanisa ilipofunguliwa nilirudi kwenye kwaya. Niliimba karibu miaka miwili huku nakunywa kwa siri. Kabla ya ibada nilikuwa natafuna tangawizi na peremende, na mkinisalimia nageuza uso kando. Naomba mnisamehe.

Nitawaambia nilivyotoka. Lakini siwezi kueleza bila kwanza kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, Mmarekani, ambaye hakuwahi kukanyaga Kano na hakujua kama kuna mahali panaitwa Awasi. Anaitwa Bill Wilson.

Bill alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 huko East Dorset, kijiji kidogo cha milimani katika jimbo la Vermont, mahali pa machimbo ya mawe ya marumaru. Pombe ilikuwa kwenye ukoo. Baba yake alikuwa mnywaji. Babu yake upande wa baba naye alikuwa mlevi wa kujulikana, mpaka siku moja akapanda mlima ulio karibu na kijiji akamlilia Mungu. Akashuka ameacha, na hakugusa pombe tena hadi kifo chake. Shikilia hiyo habari ya babu. Wako watu ambao Mungu huwatoa kwa siku moja, na mimi nawajua wawili hapa kanisani. Mjukuu hakupewa njia hiyo.

Bill alipokuwa na miaka kama kumi, wazazi wake waliachana. Baba akaenda Kanada kutafuta kazi, mama akaenda Boston kusoma, na watoto wakabaki kwa babu na nyanya upande wa mama. Akakua mrefu, mwembamba, mwenye haya, lakini ndani yake kuna moto wa kutaka kuwa wa kwanza kwa kila kitu. Alipokuwa kijana wa shule, mwaka 1912, msichana aliyempenda alikufa ghafla baada ya upasuaji. Bill akaanguka kwenye huzuni nzito, akashindwa hata kumaliza masomo pamoja na wenzake.

Pombe alikuwa anaiogopa, kwa sababu aliona ilivyofanya nyumbani. Halafu vita vikaja. Mwaka 1917 alikuwa afisa kijana wa jeshi huko New Bedford, na matajiri wa mji ule walikuwa wanawaalika maafisa kwenye karamu. Bill hakujua aongee nini wala aweke mikono wapi. Akapewa glasi, akanywa. Mara haya ikaisha, ulimi ukafunguka, akajiona na yeye ni mtu kati ya watu. Alikuwa na miaka 21.

Ndugu aliyewahi kunywa ananielewa hapa. Wengi wanafikiri mlevi anapenda ladha. Chang'aa haina ladha ya kupendwa na mtu. Mimi nilipenda kile kilichotokea dakika kumi baadaye.

Januari 1918 Bill alimuoa Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn, kisha akaenda Ufaransa vitani. Aliporudi alisoma sheria usiku, lakini ulevi ulimfanya hata asiende kuchukua cheti chake. Akaingia kwenye biashara ya hisa mjini New York. Alikuwa na akili kweli. Mwaka 1925 yeye na Lois walipanda pikipiki yenye kiti cha pembeni, wakabeba hema na vitabu vya biashara, wakazunguka nchi wakikagua viwanda ili Bill awaambie matajiri ni kampuni gani ya kuwekea pesa. Pesa zikaingia, na pombe ikaingia pamoja nazo. Mwaka 1929 soko la hisa lilipoanguka, wengine walianguka wakasimama. Bill alianguka akabaki chini.

Wakahamia nyumbani kwa baba mkwe huko Brooklyn. Mwanaume mzima, msomi, afisa wa zamani wa jeshi, anakula kwa wakwe. Lois ndiye aliyekuwa anaenda kazini dukani, anarudi jioni anamkuta mume amelala sakafuni. Wakati mwingine Bill aliiba pesa kwenye mkoba wa mkewe. Aliandika ahadi za kuacha kwenye Biblia ya familia, akatia sahihi, na ahadi zote zikavunjika. Kina mama wa kanisa hili, wangapi kati yenu mmewahi kutafuta pesa za unga mkakuta mkoba mtupu? Najua mmoja. Yuko nyumbani kwangu.

Kati ya mwaka 1933 na 1934 Bill alilazwa mara nne katika hospitali moja ya New York iliyotibu walevi, Towns Hospital. Daktari wa hapo, William Silkworth, alimwambia jambo ambalo wakati ule madaktari wachache waliliamini: kwamba huu ni ugonjwa. Mwili wake hauchukui pombe kama mwili wa watu wengine, kikombe cha kwanza kikiingia mwili unadai cha pili. Na akili yake inamdanganya kila mara kwamba safari hii itakuwa tofauti. Bill alifurahi kusikia hivyo, akafikiri kujua kunatosha. Akatoka akanywa tena. Daktari akamwambia Lois kwamba mumewe atakufa au atachanganyikiwa akili, na si baada ya muda mrefu.

Novemba 1934 mgeni alibisha mlango. Alikuwa Ebby Thacher, rafiki wa ujana, mlevi mwenzake wa siku nyingi. Bill alikuwa na jini mezani, akamwekea glasi. Ebby akaisukuma pembeni. Akaeleza kwamba alikuwa karibu kufungwa kwa ulevi, na watu fulani wa kikundi cha maombi, walevi wa zamani kati yao, wakamchukua. Wakamfundisha kukubali kwamba ameshindwa, kuungama dhambi zake kwa mtu, kurekebisha alipokosea watu, na kumwomba Mungu hata kama bado hamjui vizuri. Kikundi hicho kiliitwa Oxford Group. Ebby hakuhubiri. Alikaa mezani jikoni akasema yaliyompata, akaenda zake.

Bill aliendelea kunywa wiki chache. Tarehe 11 Desemba 1934 akaingia hospitali kwa mara ya mwisho. Huko kitandani, akiwa amefika mwisho kabisa, alimlilia Mungu ajionyeshe kama yupo. Chumba kikajaa mwanga, akasikia kama upepo unampitia, na amani ikashuka. Kuanzia siku hizo hadi alipokufa hakunywa tena.

Wapendwa, kama ingekuwa mkutano wa injili, hapo ndipo tungeimba na kufunga. Mimi mwenyewe mwaka 2018 nilifikiri hapo ndipo hadithi inaisha. Lakini sikilizeni kilichofuata, kwa sababu hiki ndicho kilichoniokoa.

Bill alitoka hospitali akiwa moto. Akaanza kuwakimbilia walevi wa New York, kwenye misheni na hospitalini, akiwahubiria juu ya mwanga wake. Aliwaleta wengine mpaka nyumbani kwa Lois. Miezi mitano, hakuna hata mmoja aliyeacha. Alivunjika moyo. Lois akamkumbusha kitu kimoja ambacho hakuwa amekiona: yeye mwenyewe, Bill, alikuwa bado hajanywa. Naye Dkt. Silkworth akamshauri apunguze mahubiri. Aanze kwa kueleza ugonjwa, na jinsi ulivyomwangusha yeye mwenyewe.

Mei 1935 Bill alienda Akron, mji wa viwanda vya mipira ya magari katika jimbo la Ohio, kupigania biashara moja ambayo ingemrudisha kwenye maisha. Akashindwa. Wenzake wakarudi New York wakamwacha katika Hoteli ya Mayflower, mji wa ugeni, akiwa na dola kama kumi mfukoni. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Mei, mchana.

Mwoneni pale kwenye ukumbi wa mapokezi. Upande mmoja kuna baa, anasikia vicheko, glasi, watu wanaongea. Upande wa pili kuna simu, na karibu na simu kuna orodha ya makanisa ya mji. Akili inaanza kumwambia maneno yale tunayoyajua: ingia tu unywe soda, upate watu wa kuongea nao. Huyu ni mtu aliyeona mwanga wa Mungu, na miezi mitano haijaisha vizuri. Akaogopa. Na katika kuogopa akaelewa kwamba hahitaji mtu wa kumhubiria. Anahitaji mlevi mwenzake wa kuongea naye, na anamhitaji kuliko yule mlevi anavyomhitaji yeye.

Akaenda kwenye simu. Akachagua jina moja kwenye orodha, mchungaji wa kanisa la Episcopal aitwaye Walter Tunks. Hebu fikiria wewe ni mchungaji, Jumamosi mchana unaandaa mahubiri, simu inalia, mtu usiyemjua anasema yeye ni mlevi kutoka New York na anatafuta mlevi mwingine. Wengi tungekata. Mchungaji Tunks hakukata. Akampa majina kama kumi. Bill akapiga moja baada ya jingine, huyu hayupo, yule ana shughuli, mpaka karibu na mwisho akaelekezwa kwa mama mmoja, Henrietta Seiberling.

Sasa ona kazi ya Mungu. Huyu mama alikuwa kwenye kikundi cha maombi pamoja na daktari mmoja wa upasuaji, Bob Smith. Daktari huyu alikuwa anahudhuria zaidi ya miaka miwili. Alisoma Biblia, aliomba, alikaa na watu wema. Na kila usiku alikunywa, na hakuna aliyejua mzigo wake. Wiki chache kabla ya simu ile, alifungua moyo mbele ya kikundi akakiri kwamba yeye ni mlevi wa siri. Wakapiga magoti pamoja naye. Kwa hiyo simu ilipolia, Henrietta aliona ni jibu.

Siku ile Dkt. Bob hakuweza kuja. Alikuwa amemletea mkewe, Anne, ua kwenye chungu kwa ajili ya Siku ya Mama, na yeye mwenyewe amelala chini amelewa. Alikuja kesho yake, Jumapili tarehe 12 Mei 1935, saa kumi na moja jioni, akitetemeka. Alimwambia mkewe hatakaa zaidi ya dakika kumi na tano. Alikaa mpaka baada ya saa tano usiku.

Kilichomshika ni nini? Bill hakumfundisha Biblia, kwa sababu daktari aliijua kumpita. Alimweleza tu mambo yake: alivyoficha chupa, alivyoahidi, alivyomwibia mkewe, alivyoamka asubuhi akaapa na jioni akawa amelewa. Daktari akasikia maisha yake mwenyewe kutoka kinywa cha mgeni. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea na mtu aliyejua ugonjwa huu kwa kuumwa nao, akajua hayuko peke yake.

Bill alihamia kwa akina Smith majira yale. Daktari alianguka mara moja tena, aliposafiri kwenda mkutano wa madaktari. Akarudi hoi. Tarehe 10 Juni 1935 alikuwa na mgonjwa wa kupasuliwa na mikono inatetemeka. Bill akampa chupa moja ya bia aweze kushika kisu. Hiyo ilikuwa ya mwisho. Dkt. Bob hakunywa tena mpaka alipofariki Novemba 1950, na tarehe hiyo, 10 Juni, inahesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajana majina. Watu huita AA.

Siku chache baadaye hao wawili walikwenda hospitali ya mji wakatafuta wa tatu. Walimpata wakili aliyekuwa amelazwa mara nyingi kwa ulevi. Walikaa kando ya kitanda chake, wakasimulia ya kwao. Akatoka hospitali na hakunywa tena. Ndivyo ilivyoanza kuenea, mmoja kwa mmoja. Mwaka 1939, wakiwa kama watu mia, walichapisha kitabu chenye hatua zao kumi na mbili. Mwaka 1941 gazeti kubwa liliandika habari zao, na kwa mwaka mmoja wakatoka kama 2,000 wakafika kama 8,000. Lois naye aliona kwamba wake za walevi wanaugua kimya kimya. Mwaka 1951 yeye na mwenzake wakaanzisha mikutano ya familia, inaitwa Al-Anon.

Bill hakuwa mtakatifu, na sitawadanganya. Alisumbuliwa na huzuni nzito miaka mingi hata baada ya kuacha pombe. Aliingia kwenye mambo ya kuongea na roho za wafu, ambayo sisi kwa Neno la Mungu hatuyakubali. Hakuwa mume mwaminifu kwa kila kitu. Na sigara alishindwa kuacha kwa miaka mingi mpaka zikamharibu mapafu. Alifariki Miami tarehe 24 Januari 1971, siku ile ile waliyofunga ndoa na Lois miaka 53 kabla. Alikuwa amekaa miaka 36 bila pombe. Lakini wauguzi waliomtunza siku za mwisho waliandika kwamba aliomba whisky, na hakupewa. Miaka 36, na hamu bado ilikuwa imelala mlangoni. Niliposikia hilo niliacha kujilaumu kwa sababu bado natamani, nikaacha pia kujiamini.

Sasa nirudi Awasi.

Mwaka 2022 nilianguka kwenye karakana yangu ya pikipiki nikiwa na mteja. Mwili ulitikisika kama mwenye kifafa. Nilikuwa nimejaribu kukatiza pombe peke yangu, siku mbili bila tone. Hospitalini muuguzi akaniambia mtu aliyekunywa sana kwa miaka asikatize ghafla akiwa nyumbani peke yake, inaweza kumuua. Aende hospitali asaidiwe. Mjue hilo na ninyi, msimfungie kijana ndani mkafikiri mnamsaidia. Muuguzi yule ndiye aliyeniuliza kama nimewahi kukaa na wenzangu. Sikumwelewa. Akaniandikia kwenye karatasi mahali mjini Kisumu na saa.

Mara ya kwanza nilipanda matatu, tukapita Ahero, tukafika Nyamasaria, nikashuka mjini nikafika mpaka getini. Nikaona watu wawili wamesimama, nikafikiri mmoja ananijua. Nikapita kama mtu anayeenda sokoni. Mara ya pili nilikuta pamefungwa, siku ilikuwa imebadilishwa na mimi sikujua. Nikakaa steji na hasira, na nauli niliyobaki nayo ilitosha kikombe. Siku hiyo nilikunywa. Mara ya tatu mke wangu alinisindikiza mpaka getini akaniambia atangoja nje hata kukinyesha.

Ndani kulikuwa na watu wanane kwenye viti vya plastiki, na birika la chai. Hakuna aliyeniuliza jina la ukoo wala kanisa wala nafanya kazi gani. Hakuna ada. Kikapu kilipita, mwenye kitu akaweka, asiye nacho akapitisha. Mzee mmoja, msomi, alisimulia jinsi alivyokuwa anaficha chupa kwenye tangi la choo. Mama mmoja wa makamo alisema alikuwa anatafuna tangawizi kabla ya kwenda kanisani. Wapendwa, nilishika uso nikalia. Nilifikiri tangawizi ni yangu peke yangu duniani.

Baada ya mkutano yule mzee ndiye aliyenisimulia habari za Bill na simu ya Akron. Akanipa namba yake, akaniambia nipige kabla ya kunywa, si baada. Nimempigia usiku wa manane zaidi ya mara moja. Anapokea.

Najua swali ambalo wengine mnalo, kwa sababu nililiuliza pia. Kwani Yesu hatoshi? Kwa nini mtu aliyeokoka aende kukaa kwenye viti vya plastiki na walevi, kwenye mkutano ambao si wa kanisa lolote? Nikilijibu kwa maisha yangu ni hivi. Yesu aliniokoa mwaka 2018, na wokovu ule ni wa kweli. Lakini sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia ukweli siku nilipoanguka, kwa sababu nilikuwa nimeshapigiwa makofi. Dkt. Bob aliombewa na watu wema, na Mungu akajibu maombi yale kwa kumtumia mlevi. Rudi sasa kwenye Yakobo 5:16. Inasema tuungame sisi kwa sisi na tuombeane, na uponyaji umewekwa hapo hapo. Na Paulo kwa Wakorintho anafundisha kwamba faraja tuliyopewa katika taabu yetu tumepewa tuwapelekee walio katika taabu ya namna yoyote.

Wala jambo hili si la kigeni kwetu. Wazee wetu wa uamsho, ule ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika mpaka Nyanza yetu, walikutana kila wiki wakaungama kwa kutaja mambo yenyewe, ulevi, wizi, chuki, wakaimba na kutembea pamoja nuruni. Bibi zetu walifanya hivyo chini ya miti. Sisi tumejenga majengo mazuri, tukabaki na ushuhuda wa ushindi peke yake. Aliyeanguka hana mahali pa kusema.

Kwa hiyo nina ombi, na mchungaji ameniruhusu niliandike. Nimewaomba wazee wa kanisa watupatie chumba cha watoto wa Sunday school, Alhamisi jioni, saa moja. Wazee watakaa Jumamosi kuamua. Wengine wana wasiwasi kwamba kanisa litajulikana kama mahali pa walevi, na siwalaumu, hata mimi ningeogopa. Ninachowaomba ni kufikiria ile hoteli ya Akron. Kila jioni hapa njia panda yetu kuna mtu amesimama katikati. Upande mmoja kuna mahali pa chang'aa, anajulikana kwa jina, anakaribishwa, hata mkopo anapewa. Upande wa pili kuna sisi. Je, akipiga simu, tunapokea?

Wazee wakikataa, sitanung'unika. Nitaendelea kwenda Kisumu, na anayetaka twende pamoja anikute steji Alhamisi saa kumi. Asiyetaka kuonekana na mimi apige 1192, ni namba ya bure ya NACADA, usiku na mchana, aulize msaada ulio karibu naye. Na wewe ambaye si mlevi lakini unaishi na mmoja, mke wangu yuko tayari kukaa na wewe. Hatakuhubiria. Atakusimulia habari za mkoba wake.

Nina miaka kadhaa sasa bila kunywa, lakini sitawaambia ni mingapi, msije mkapiga makofi. Niulizeni tu habari za leo. Leo sijanywa.

Tuombe. Baba, asante kwa sababu ulimsikia Bill hospitalini na hukumwacha peke yake hotelini. Mkumbuke aliye njia panda jioni hii. Tupe masikio ya mchungaji Tunks, magoti ya Henrietta, na ujasiri wa daktari aliyekiri mbele ya wenzake. Waongoze wazee wetu Jumamosi. Katika jina la Yesu, amina.